Tumeshapewa Jembe: Tunachodai Jimboni na Washington

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa Wisconsin jembe hatukulikataa. Miezi michache tu baada ya kufika, mama zetu walikuwa wakiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu majumbani, baba zetu wako zamu ya usiku ghalani au kwenye kiwanda cha nyama, na wale wetu tuliokuja kwa viza ya masomo tulikuwa tukipanga vitabu maktabani kwa saa 20 za wiki tunazoruhusiwa. Kulima tunalima. Lakini nani anaamua mavuno yagawanywe vipi? Na sisi tuna neno gani la kusema juu ya mgawo huo?

Katika mkutano wa mwisho wa chama chetu, swali hili lilitugawa. Wapo wenzetu waliosema kwamba chama ni cha lugha na utamaduni, na kwamba siasa ikiingia, chapati zitapoa. Wengine walikumbusha, na kwa haki kabisa, kwamba nusu ya wanaokaa kwenye viti vile si raia, na mtu asiye raia akisema sana anaweza kujitafutia matatizo. Tumewasikia. Hata hivyo, sisi wa kamati ya jarida tumeona tuandike, kwa sababu moja: hata tukinyamaza kuhusu sheria, sheria hazinyamazi kuhusu sisi. Hatumwambii mtu apigie chama gani kura. Tunasema tunachotaka serikali ifanye, ya jimbo na ya taifa, na kwa nini tunaanza na jimbo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kwetu Afrika Mashariki ukisema "maendeleo" mtu huona barabara ya lami, kisima na nguzo za umeme. Siasa za kimaendeleo tunazozungumzia hapa ni kitu kingine kidogo. Ni ule msimamo kwamba serikali ina wajibu wa kumlinda anayefanya kazi dhidi ya mambo ambayo peke yake hawezi kuyazuia: ajali, ugonjwa, uzee, kufukuzwa kazi, na tajiri anayelipa kidogo kwa sababu tu anaweza.

Msimamo huo una mizizi mirefu hapa hapa tunaposoma. Robert La Follette alikuwa gavana wa Wisconsin kuanzia 1901 hadi 1906, kisha seneta hadi alipofariki mwaka 1925. Mwaka 1924 aligombea urais kwa tiketi ya Progressive na kushinda katika jimbo hili. Mwaka 1911 bunge la jimbo lilipitisha kodi ya mapato ambayo mwenye nacho alilipa zaidi, na mwaka huo huo likapitisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi walioumia kazini. Mwaka 1932, katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, Wisconsin ikawa jimbo la kwanza kuwa na bima ya ukosefu wa ajira. Waliosaidia kuandika sheria hizo hawakuwa wanasiasa tu. Walikuwemo walimu wa chuo kikuu hiki na wanafunzi wao, akiwemo John R. Commons, mwalimu wa uchumi.

Tazama sasa kilichofuata. Mwaka 1934 Rais Franklin Roosevelt alipotaka sheria ya hifadhi ya jamii kwa nchi nzima, Edwin Witte, mwalimu wa hapa Madison, ndiye aliyeitwa Washington kuongoza kazi ya kuitayarisha. Sheria ikatoka mwaka 1935. Mpaka leo mzee anayepokea malipo yake ya kila mwezi kokote Marekani anakula matunda ya kazi iliyoongozwa na mwalimu kutoka jimbo la wakamua ng'ombe. Hata likizo ya familia ilikwenda njia hiyo: Wisconsin ilikuwa na sheria yake mwaka 1988, taifa likafuata mwaka 1993.

Ndiyo maana tunasema tuanze na jimbo. Washington ni mbali, nako milango ni mizito. Kutoka darasa letu la Kiswahili mpaka jengo la Capitol la jimbo ni kutembea tu: unashika State Street, unapita maduka ya kahawa, umefika. Jambo likifanikiwa hapa, taifa lina mfano wa kuiga.

Lakini tusiisifu historia hiyo kupita kiasi, maana ina doa, na doa hilo linatuhusu. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani. Sheria ya kazi ya 1938, iliyoweka kima cha chini cha mshahara kwa taifa zima, nayo iliwaacha nje. Wakati ule Wamarekani Weusi wengi mno walifanya kazi hizo mbili. Wafanyakazi wa majumbani walikuja kuingizwa kwenye sheria ya mshahara mwaka 1974, lakini hata hapo waliokaa na wazee waliwekwa kando, kwa hoja kwamba wao ni watu wa kumpa mzee ushirika tu, si wafanyakazi hasa. Ilibidi kusubiri kanuni ya Wizara ya Kazi ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika 2015, ndipo wengi walioajiriwa na makampuni ya utunzaji wakapata haki ya kima cha chini na malipo ya saa za ziada. Na mwaka 2025 wizara hiyo hiyo ikapendekeza kuirudisha kanuni hiyo nyuma.

Sasa jiulize: leo nani anawatunza wazee wa Wisconsin? Nenda kanisani au msikitini kwetu siku ya ibada uhesabu akina mama. Aliyeachwa nje mwaka 1935 alikuwa mwanamke Mweusi wa Mississippi au Alabama. Anayeweza kuachwa nje kesho ni mama yako wa Bukavu, Kigoma au Kisumu. Kwa hiyo kipimo chetu cha sera ni hiki: je, inamfikia aliyeachwa nje mara ya kwanza? Kwa kipimo hicho, tunayo madai matatu kwa jimbo na matatu kwa taifa.

Dai la kwanza kwa jimbo ni mshahara. Kima cha chini Wisconsin ni dola 7.25 kwa saa, sawa na cha taifa, na hakijasogea tangu Julai 2009. Mtu akifanya kazi saa 40 kila wiki, bila kukosa hata wiki moja, kwa mwaka anapata dola 15,080 kabla ya kodi. Vuka mpaka kwenda Illinois, utakuta dola 15 tangu Januari 2025. Vuka mto kwenda Minnesota, utakuta zaidi ya dola 11. Mji wa Madison ulijaribu kuweka kima chake wenyewe, na mwaka 2005 bunge la jimbo likapiga marufuku miji kufanya hivyo. Nasi hatuna njia ya mkato: tofauti na baadhi ya majimbo, Wisconsin hairuhusu wananchi kukusanya saini na kupeleka sheria moja kwa moja kwenye kura ya jimbo. Lazima ipitie kwa wabunge.

Kuna wanaosema kwamba mshahara ukipanda, biashara ndogo zitafungwa. Hoja hii hatuipuuzi, kwa sababu baadhi ya biashara hizo ni za ndugu zetu: duka la unga wa muhogo na samaki wakavu, saluni ya kusuka nywele, mgahawa wenye meza nne. Mwenye duka hilo naye anafunga hesabu zake kwa shida. Jibu letu ni kupandisha hatua kwa hatua, kwa tarehe zinazojulikana mapema. Illinois ilipitisha sheria yake mwaka 2019, na dola 15 zikafikiwa mwaka 2025. Miaka sita inamtosha mwenye duka kujipanga. Kukaa miaka zaidi ya 15 bila kuongeza senti moja hakumpangii mtu chochote.

Kwa wanaotunza wazee, kuna jambo la ziada ambalo wengi hatulijui. Mama anaajiriwa na kampuni, lakini mara nyingi kampuni inalipwa na Medicaid, na viwango vya malipo hayo hupangwa na jimbo. Mama akiomba nyongeza, meneja atamwonyesha karatasi ya jimbo. Basi twende kwa mwenye karatasi. Jimbo lipandishe viwango hivyo kwa sharti kwamba nyongeza imfikie mtunzaji, isiishie ofisini. Na jimbo liandike waziwazi katika sheria yake kwamba mtunzaji wa nyumbani ni mfanyakazi mwenye haki ya kima cha chini na saa za ziada, hata kama Washington itabadili mawazo.

Dai la pili kwa jimbo ni likizo yenye malipo. Sheria ya taifa ya 1993 inampa mfanyakazi wiki 12 za likizo ya uzazi au ugonjwa, lakini bila malipo, na haiwahusu walio kwa mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 50. Likizo bila malipo ni likizo ya mwenye akiba. Tunamfahamu mwenzetu ambaye mama yake alirudi kazini akiwa bado na mshono wa upasuaji wa uzazi, kwa sababu kodi ya nyumba haina likizo. Kwetu mzazi angewekwa ndani siku 40, mashangazi wangekuja na uji, na hakuna ambaye angemwuliza ratiba yake ya zamu. Hapa mashangazi wako mbali, na waliopo nao wako zamu. Kazi ya mashangazi hao inabidi ifanywe na sheria. Minnesota imeanza mpango wa likizo yenye malipo Januari 2026, unaochangiwa na waajiri na wafanyakazi kutoka kwenye mishahara. Wisconsin, iliyowahi kutangulia taifa mwaka 1988, sasa inamtazama jirani akipita.

Dai la tatu kwa jimbo ni afya, pamoja na lugha ya kuizungumzia. Wisconsin ni kati ya majimbo 10 ambayo hayajapanua Medicaid kwa utaratibu wa sheria ya afya ya 2010. Ni kweli kwamba jimbo linawahudumia watu wazima walio chini ya mstari wa umaskini. Lakini ukipata saa chache za ziada ukavuka mstari, unatoka. Majimbo yaliyokubali kupanua yanalipiwa na serikali ya taifa asilimia 90 ya gharama za walioongezwa. Sisi walipa kodi wa Wisconsin tunachangia fedha hizo, kisha zinatumika kwingine.

Na lugha. Mmoja wetu alikuwa na umri wa miaka 11 alipoingia na mama yake kwa daktari. Hakukuwa na mkalimani, na daktari alikuwa na haraka. Daktari akataja neno la ugonjwa ambalo mtoto hakulijua, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Akamwambia mama, "Anasema una kidonda kidogo tumboni." Hakikuwa kidonda, na hakikuwa kidogo. Mama alipona, tunashukuru, lakini baada ya miezi iliyopotea bure. Binti yule sasa ni mtu mzima na bado anajilaumu. Tunamwambia hapa mbele ya wote: dada, kosa halikuwa lako.

Halikuwa lake hata kisheria. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza taasisi inayopokea fedha za taifa kumbagua mtu kwa sababu ya asili yake, na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1974 ilikubali kwamba kumnyima mtu huduma kwa sababu ya lugha kunaweza kuwa ubaguzi wa namna hiyo. Kanuni za sheria ya afya zinazuia kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwenye dharura. Mwaka 2000 Rais Bill Clinton alitoa agizo la kuzitaka idara za serikali kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri. Machi 2025 Rais Donald Trump alilifuta agizo hilo na kutangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sheria ya 1964 bado ipo. Lakini sheria isiyosimamiwa ni kama mlinzi aliyelala. Tunaliomba jimbo ligharamie mafunzo na mitihani ya wakalimani, Kiswahili kikiwemo, na liwaambie wagonjwa kwa lugha zao kwamba mkalimani ni haki, tena bila malipo.

Kwa taifa, dai la kwanza linaendelea hapo hapo. Kiswahili na lugha nyingine za dunia zimefundishwa kwenye vyuo vya Marekani kwa msaada wa fedha za serikali kuu tangu sheria ya 1958, iliyopitishwa baada ya Warusi kurusha Sputnik. Mwaka 2025 serikali iliamua kutozitoa fedha hizo kwa vituo vya masomo ya Afrika na vya sehemu nyingine za dunia. Walimu wetu wanajua uzito wake kuliko sisi. Tunataka Bunge la Marekani lizirudishe na kuzilinda. Anayefunga darasa la Kiswahili leo asishangae kesho akikosa mkalimani hospitalini.

Dai la pili kwa taifa ni watoto. Mwaka 2021 serikali iliongeza nafuu ya kodi ya watoto kufikia dola 3,600 kwa aliye chini ya miaka 6 na dola 3,000 kwa mkubwa wake, na sehemu ikalipwa mwezi kwa mwezi. Kwa kipimo cha umaskini kinachohesabu misaada ya serikali, watoto maskini walishuka hadi asilimia 5.2. Nafuu ikaachwa ife, na mwaka 2022 wakarudi asilimia 12.4. Tunaona takwimu hii inatosha kujibu wale wanaosema umaskini ni uvivu. Wazazi hawakuwa wachapakazi kwa mwaka mmoja kisha wakawa wavivu mwaka uliofuata.

Dai la tatu kwa taifa ni wakimbizi. Kwa sheria ya 1980, rais ndiye anayepanga kila mwaka idadi ya wakimbizi watakaopokelewa. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2022 hadi 2025 ukomo ulikuwa 125,000. Januari 2025 mpango ukasimamishwa, na ukomo wa mwaka wa fedha wa 2026 ukawekwa 7,500. Kwa miaka mingi ya muongo uliopita, Kongo ilikuwa juu kabisa katika orodha ya nchi ambazo wakimbizi hao walitoka. Nyuma ya tarakimu hizo wapo watu ambao wenzetu wanawapigia simu kila Jumapili: kaka aliyeko Nyarugusu, bibi aliyeko Kyangwali, waliokwisha kuhojiwa na kupimwa afya, na mizigo imefungwa. Tunataka Bunge liweke idadi ya chini ambayo rais yeyote, wa chama chochote, hawezi kushuka chini yake. Maisha ya kambini yasitegemee kalamu ya mtu mmoja.

Msomaji atauliza: fedha zitoke wapi? Jibu la Wisconsin la 1911 bado lina nguvu: kodi ya mapato inayopanda kadiri kipato kinavyopanda. Na tukumbuke kwamba sasa hivi pia tunalipa. Mtoto asiye na mkalimani analipa. Mzazi anayerudi kazini na mshono analipa. Tofauti ni kwamba malipo yao hayaandikwi kwenye bajeti ya mtu.

Tumalizie kwa yale tunayoweza kufanya sisi wenyewe. Walio raia, jiandikisheni: Wisconsin inaruhusu kujiandikisha hata siku ya kupiga kura, mradi uwe na uthibitisho wa makazi na kitambulisho kinachokubalika. Msiishie kwa rais na gavana; bunge la jimbo lina viti 99 vya Assembly na 33 vya Seneti, na hapo ndipo mambo ya mshahara na Medicaid yanapoamuliwa. Msio raia, msijiandikishe wala kupiga kura kwa hali yoyote, hata kama mtu atawaletea fomu kwa nia njema; ni kosa linaloweza kukugharimu makazi yako. Lakini kumwandikia mbunge na kueleza yaliyokupata si kupiga kura. Ukiwa na wasiwasi kuhusu viza yako, mpe mwenzako aliye raia akusemee. Ndiyo faida ya kuwa chama.

Tunapendekeza kwamba muhula ujao chama kitenge alasiri moja tushuke State Street pamoja, na walimu wetu wakipenda, tukiwa na barua za madai haya matatu ya jimbo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Tumwombe dada yetu aliyekuwa na miaka 11 aje naye, kama ataridhia, asimulie mwenyewe. Safari hii akae na mkalimani pembeni, na maneno yote awe anayajua.

Asiyekuwepo na lake halipo. Jembe tunalo mkononi. Twende tukaongee na wenye shamba.